Maili 700 za Vitendawili: Tulivyorudi Des Moines Kuomba Switi

Alhamisi, 28 Oktoba 2021

Tumetoka Dallas saa tisa mchana, watoto nimewatoa shule mabegi yao yakiwa tayari kwa buti, na hata Denton hatujafika foleni ishatushika. Baba watoto ndiye anaendesha, mimi niko hapa mbele na chupa ya chai na mandazi, nyuma kuna binti yangu wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 6, na tunaenda Iowa kwa mama yangu kwa sababu keshokutwa ni tarehe 30, na Des Moines, mji wa mama huko Iowa, watoto hawakuzoea kuomba switi tarehe 31 kama Marekani nzima, wao tangu zamani wametoka tarehe 30. Wanauita Beggars' Night, usiku wa waombaji. Hiyo ndiyo Halloween niliyolelewa nayo mimi, nyingine huwa naiona tu inapita.

Hatujarudi wakati huu wa mwaka tangu mzee wangu alipotutoka 2018. Mwaka wa kwanza sikuwa na nguvu, halafu ikaja korona, na katikati hapo watoto wamekua wakijua Halloween ya Texas peke yake, yaani ile ya pakingi ya kanisa, magari yamepangwa mstari buti wazi, kila buti limepambwa, mtoto anapita na ndoo anatiliwa kidogo huku kidogo kule, dakika ishirini imeisha twende nyumbani. Sisemi ni mbaya. Kuna mwanga, hakuna barabara ya kuvuka, na mama wa shifti ya usiku anaweza kumleta mtoto mchana kabla aingie kazini. Lakini mtoto hasemi neno hata moja. Nilimwangalia huyu mdogo juzi anapita magari kama thelathini, anainua ndoo, anatiliwa, anasonga, mdomo umefungwa kabisa, na nikahisi kuna kitu kimenipotea mkononi.

Kwa sababu Des Moines hupewi bure. Unabisha, mwenye nyumba anafungua akiwa na bakuli lake, na anasimama hapo anakungoja umwambie utani. Hata uwe mtoto wa miaka mitatu, lazima utoe kitu. Na sisi kwetu, kwa vile baba na mama hawakujua utani wa Kizungu, utani wetu ulikuwa vitendawili.

Basi foleni ilipofunguka baada ya Gainesville nikageuka nyuma nikasema kwa sauti, Kitendawili! Kimya. Nikawafundisha, mkisikia hivo mnasema Tega. Wakasema tega. Nikawapa ile ya kwanza kabisa, nyumba yangu haina mlango. Binti akasema jela. Mdogo wake akasema gereji imeharibika. Nikawaambia mkishindwa mnanipa mji, mji wowote, unakuwa wangu. Mdogo akachungulia dirishani, akamuuliza babake kile kibao kimeandikwa nini, akanipa Ardmore. Nikapokea. Nikaenda Ardmore, nikapigiwa ngoma, nikachinjiwa jogoo, nikala nikashiba, nikawaachia nyinyi manyoya, na jibu ni yai.

Aki mngeona sura zao. Si jibu lililowauma, ni huyo jogoo.

Tulipofika Oklahoma City usiku nilikuwa namiliki Ardmore, Pauls Valley na Norman. Tumelala hapa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Tumeamka mapema, chai ya moteli ni maji ya moto tu lakini tumekunywa. Baada ya Wichita barabara inaingia Flint Hills, vilima vya nyasi mpaka macho yachoke, hakuna shamba kwa sababu mawe yako karibu sana chini ya udongo na jembe halikuweza kupita, ndio maana nyasi za zamani zimebaki. Watoto walilala hapo. Mimi nikabaki nafikiria 1995.

Baba alikuwa mtu wa Kitale, Kenya, maisha yake yote ni mbegu za mahindi, alikuja kusoma kilimo chuo kikuu cha Iowa State kule Ames 1993, akatuleta, alipomaliza akapata kazi tukahamia Des Moines, mtaa wa Beaverdale, nyumba ya matofali kama zile zote za pale. Nilikuwa na miaka 9, kakangu 11. Oktoba ikafika na hakuna aliyetuambia kitu.

Mama yangu ni Mtaita wa Wundanyi, na lazima nieleze hapa ndio mwelewe. Zamani Taita, kabla dini haijashika, mzee akifa alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake linafukuliwa na kupelekwa pangoni, linawekwa pamoja na ya wazee wenzake wa ukoo, na watu wakiwa na shida wanaenda hapo kuongea nao. Mapango yenyewe bado yapo. Mama ni Mwanglikana wa kuzaliwa, hizo desturi hakuzikuta, lakini akiwa msichana babu yake alimpitisha karibu na pango la kwao akamwambia hapa usinyooshe kidole na usicheke. Sasa mtu aliyeambiwa hivo anashuka basi jioni akitoka kazini, anakuta mafuvu ya plastiki yametundikwa kwa mti wa jirani, moja limevalishwa kofia ya besiboli. Hakuogopa. Watu wakisikia hii hadithi wanafikiri aliogopa uchawi. Mama alisikia aibu, kwa niaba ya watu wa hilo fuvu.

Usiku wa tarehe 30 mlango ukaanza kubishwa. Mama akazima taa zote, tukakaa jikoni kwa giza, sisi wanne, baba akijaribu kusoma gazeti kwa mwanga wa jiko la gesi. Ulibishwa mara kumi na moja, mimi na kakangu tulihesabu kwa vidole chini ya meza.

Kesho yake jirani, bibi mjane aliyekuwa mwalimu, akaja na keki ya tufaha. Alifikiri tuna mgonjwa. Ndiye alimkalisha mama akamweleza kwamba huo usiku ulianza 1938, sababu Halloween ilikuwa imegeuka usiku wa vurugu, vijana wanavunja vioo na kuharibu mali za watu, mji ukaona afadhali watoto wadogo wapewe jioni yao, siku moja kabla, saa 12 hadi saa 2 usiku, na wasiombe tu, waimbe, waseme shairi, wafanye kituko, ndio wapewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Kumbe wanaifanyia kazi."

Hapo ndipo mlango wetu ulifunguka. Sharti lilikuwa moja, hakuna fuvu, hakuna mifupa, si kwa nguo, si kwa dirisha.

1996 baba akatutengenezea matatu, yaani basi dogo la abiria la Kenya. Alichukua boksi la friji, akakata chini na juu, akapaka rangi nyeupe na mstari wa manjano, tochi mbili mbele za taa kamili, mikanda yake miwili ya zamani ikawa ya kubebea mabegani, na kipajini akaandika kwa herufi kubwa KITALE – ELDORET. Mimi ndiye dereva, niko ndani. Kakangu ni makanga, ananing'inia nyuma kwa kibao kilichofungwa kamba anapiga boksi kofi mbili anapiga kelele beba beba, wawili wa haraka! Na baba kwa upande wa barabara, mikono mfukoni, anacheka mpaka anasimama.

Nyumba ya kwanza ilitoka mzee mrefu na kikombe cha kahawa mkononi, mkono ule mwingine ameshika kiuno. Akauliza, haya, utani wako uko wapi? Mimi natetemeka ndani ya boksi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati huo, Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni, ni nani? Akafikiri. Akasema ni mimi? Nikamwambia hapana, ni kikombe. Akaangalia kile kikombe, akaangalia mkono wake ulivyo kiunoni umekaa kama shikio, akacheka hadi kahawa ikamwagika kwa ngazi, akaita mkewe nirudie tena. Tulipata chokoleti nzima kila mtu, ile kubwa.

Miaka yote iliyofuata nikifika nyumba ile alikuwa ashashika kiuno kabla hata sijafungua mdomo.

Haya, watoto wameamka Emporia. Mpaka Kansas City tulifanya kitendawili cha uyoga, cha nanasi, na cha kivuli, nikitembea yuko nikikimbia yuko nikiingia ndani hayuko. Binti amekishika hicho cha kivuli kwa Kiswahili bila kukosea na anakirudia polepole kama mtu anayekariri sala. Missouri tumepita tu, petroli na choo. Iowa tumeingia jua likizama, mahindi mengi yameshavunwa, mabua yamebaki mafupi kwa mistari, na mimi hapo huwa namuona baba tu, akisimamisha gari kando ya barabara achukue hindi lililodondoka ahesabu punje.

Tumefika kwa mama saa mbili usiku. Taa ya barazani inawaka. Ugali na mchicha tayari.

Jumamosi, 30 Oktoba

Asubuhi mama ametupeleka besimenti akasema kuna kitu chenu. Ni matatu. Yaani kipande chake, maji yaliwahi kuingia huko chini na boksi likaoza, mama akakata kilichobaki akakitundika ukutani kwa misumari: kipaji, na KITALE – ELD. Rangi ya baba inaonekana michirizi ya brashi, na kwa K kuna unywele wa brashi umenasia kwenye rangi tangu siku ile. Nilikigusa na ukucha nikakiacha.

Mdogo akasema anaitaka. Baba watoto, Mungu ambariki, akaenda dukani kutafuta boksi la televisheni, na mpaka saa nane walikuwa nje na gundi na rangi wakaunganisha kile kipaji cha zamani mbele. Hakuandika upya. Imebaki KITALE – ELD, na nyuma mtoto ameongeza kwa mkono wake DALAS, L moja.

Mama naye jikoni na malenge. Yale makubwa ya kuchonga hataki kuyaona, anasema ni maji na nyuzi, amenunua madogo matamu, amekata, amepika kwa tui la nazi, sukari na iliki, na mbegu amekaanga na chumvi. Kwetu hiki ndicho chakula cha tarehe 30 tangu 1996. Baba alikuwa anataka majani ya malenge pia, kwao ndiyo mboga yenyewe, lakini mwisho wa Oktoba Iowa barafu ya asubuhi ishayaua, kila mwaka aliuliza na kila mwaka mama alimwambia.

Saa 12 kamili tukatoka. Giza linaingia, sweta na kofia, majani makavu kila mahali. Na sasa niseme ukweli wa kilichobadilika.

Nyumba nyingi zimezima taa. Zamani mtaa wetu ulikuwa unawaka kona hadi kona, nyumba ya giza ilikuwa ile ya mgonjwa au ya matanga, ndio maana yule bibi mwalimu alituletea keki. Leo upande mmoja wa barabara nilihesabu taa tano. Bibi mwalimu alishafariki, na mzee wa kikombe pia, nyumba yake ina watu wapya. Zingine taa zinawaka lakini mlango haufunguki, bakuli liko kwa ngazi na karatasi, chukua moja. Wazazi siku hizi hawasimami barabarani wakipiga gumzo, kila mtu anafuata mtoto na simu mkononi inamwonyesha nyumba zipi zinatoa nini. Na mapambo! Zamani ilikuwa malenge mbili na fuvu la kutundika, leo kwa jirani wa tatu kuna mifupa ya futi 12 imesimama kwa nyasi inapita paa la baraza. Mama alipoiona mara ya kwanza mwaka jana tulikuwa naye kwa simu ya video, tukamngoja aseme. Alisimama chini yake na leso yake, akainua kichwa, akasema taratibu kwa Kitaita kitu ambacho sikukishika vizuri, halafu kwa Kiswahili, "Pole mzee, wamekusimamisha kwa baridi." Na kila akipita anampa pole. Hajawahi kupita bila hiyo pole.

Nyumba ya kwanza ya watoto wangu ilikuwa ile ya mzee wa kikombe. Mlango umefungwa, bakuli limewekwa, kengele ni ile ya kamera. Mdogo alitaka kuchukua tu aondoke, ndivyo alivyozoea. Dadake akamshika boksi. Akabonyeza kengele, akasimama mbele ya kamera na gauni lake la leso, akasema kwa sauti, Kitendawili!

Kengele ikanyamaza. Akajijibu mwenyewe, Tega. Akasema kwa Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza: nikitembea yuko, nikikimbia yuko, nikiingia ndani hayuko. Mimi niko kwa barabara machozi karibu yanitoke kwa kumwonea huruma, anaongea na ukuta. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka kwa ile kengele, inakwaruza, inasema hebu rudia, niko kazini hospitali. Akarudia. Sauti ikafikiri. Ikasema nimeshindwa. Binti yangu akamwambia, basi nipe mji.

"Mji?"

"Mji wowote."

Ikanyamaza kidogo, halafu ikasema, Omaha.

Akaichukua Omaha, akala akashiba, akamwachia manyoya, akampa jibu, na yule mama akacheka huko aliko akasema chukueni tatu tatu. Sijui ni nani. Nikikutana naye nitamkumbatia.

Baada ya hapo hawakushikika. Nyumba zilizofungua zilikuwa chache lakini kila iliyofungua ilidai utani, hiyo haijafa kabisa, na mtoto mmoja mbele yetu akatoa ule wa kila mwaka, kwa nini mifupa haikwenda disko, haikuwa na wa kwenda naye, ambao kwa Kiingereza unachekesha kwa sababu "hana mtu" na "hana mwili" yanatamkwa sawasawa. Nilicheka kama mara yangu ya kwanza.

Tuliporudi saa moja na nusu kwa mama kulikuwa na foleni. Namaanisha foleni ya watoto kutoka barazani hadi kwa barabara. Mama amekaa kwa kiti cha baba, blanketi magotini, taa juu yake, bakuli pembeni, na anasema Kitendawili! na hao watoto wote, weupe, weusi, wenye mabawa, wenye mapanga ya plastiki, wanapiga kelele TEGA! Amewafundisha mwaka baada ya mwaka na mimi sikujua, kwa simu huwa ananiambia tu watoto walikuja.

Kuna msichana wa kama miaka 12 hakungoja ategewe. Siku hizi mji una familia nyingi za Wakongomani na Warundi waliopitia kambi za Tanzania, na huyu Kiswahili chake ni cha kwao kabisa, kinatiririka. Akasimama mbele ya mama akasema, bibi, mimi ndiye nitakutega. Nina saa ambayo haijapata kusimama tangu itiwe ufunguo. Mama analijua jibu, alitufundisha mwenyewe meza ileile ya jikoni. Lakini akashika shavu, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, mwanangu umeniweza, nakupa Wundanyi. Msichana akasema Wundanyi siijui, nipe Kigoma. Mama akampa Kigoma.

"Basi nikaenda Kigoma," akasema, "nikala migebuka na ugali, nikashiba, nikakuachia miiba. Jibu ni moyo."

Mama akamimina nusu ya bakuli kwa mfuko wake.

Jumapili, 31 Oktoba

Ibada asubuhi, halafu makaburini. Mdogo aliweka kwa jiwe la babu yake punje tatu za zile switi zinazofanana na mahindi, za manjano, chungwa na nyeupe. Hakuambiwa. Nilimweleza tu kwenye gari kwamba babu alikuwa anazipanga mezani kwa mstari anasema hii mbegu ningeipanda Kitale watu wangenifukuza, mbegu yetu ya H614 iko wapi.

Jioni ndiyo Halloween yenyewe na mtaa mzima umetulia, hakuna mtu. Binti haamini. Tumekula malenge iliyobaki.

Jumatatu, 1 Novemba

Leo ni Watakatifu Wote, na jina la Halloween lenyewe maana yake ni mkesha wa siku hii, mama hutukumbusha kila mwaka wakati wa sala ya safari. Ametaja majina ya wazee wa Wundanyi, kisha ya Kitale, kisha bibi mwalimu, kisha mzee wa kikombe, na mwisho baba. Amemfungia kila mtoto mbegu za malenge kwa karatasi. Kipaji cha matatu kimerudi ukutani besimenti, sasa kina gundi mpya pembeni.

Tumeondoka saa tatu. Gari lilikuwa kimya mpaka karibu na Osceola, halafu nyuma nikasikia, Kitendawili.

Tega.

"Halali mpaka mtoto wa mwisho apite."

Hiki sikuwahi kukisikia. Nikasema mbwa. Nikasema barabara. Babake akasema polisi. Nikafikiri maili kama tano hivi kwa kweli, halafu nikashindwa, nikampa Dallas. Akakataa. Nikampa Kansas City, akakataa, akasema nataka Des Moines. Nikampa.

"Nikaenda Des Moines, nikala malenge ya nazi, nikashiba, nikakuachia mbegu. Ni taa ya nyanya yetu."